Uchambuzi wa kisa: kupanga upya sproketi za friwili kwa ajili ya mlima wa Mombo hadi Soni

Baiskeli iliyoletwa karakanani ilikuwa ya mtumba kutoka Japani, ya kitalii ya miaka ya 1980, yenye fremu ya chuma, magurudumu ya kipimo cha 700C, sproketi (magurudumu ya meno yanayoshika mnyororo) mbili za mbele za meno 52 na 42, na friwili, yaani fungu la sproketi la gurudumu la nyuma, yenye sproketi sita za meno 14, 16, 18, 20, 22 na 24. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu anayeishi Soni, wilayani Lushoto. Hushuka Mombo kununua mchele na mahitaji mengine ya nyumbani, kisha hupanda na mzigo ukiwa umefungwa kwenye keria, na mara mojamoja huendelea kwenye tambarare hadi Mazinde kuwasalimu ndugu zake. Malalamiko yake yalikuwa ya goti: kupanda kulikuwa kunamlazimu kusimama juu ya pedeli, na kila kona kali alilazimika kushuka na kuisukuma baiskeli. Alikwisha kushauriwa anunue baiskeli nyingine ya gia 21, na kabla ya hapo friwili yake ilikuwa imejaribiwa kufunguliwa kwa tindo na nyundo bila mafanikio. Alisema, "Fundi, mimi mbio sizitaki, nataka kufika na mzigo wangu." Kauli hiyo ndiyo iliyoongoza kazi yote iliyofuata.

Barabara ya Mombo hadi Lushoto ina urefu wa takriban kilomita 33, nayo hupanda kutoka kiasi cha mita 400 juu ya usawa wa bahari hadi karibu mita 1,400. Soni iko kiasi cha nusu ya njia. Kwa hesabu za kisa hiki nilichukua mwinuko wa asilimia 6 na uzito wa jumla wa kilo 95, yaani mtu, baiskeli na mzigo pamoja. Kwa mwendo wa kilomita 8 kwa saa, kuuinua uzito huo kwenye mwinuko huo na kushinda msuguano wa matairi kunahitaji takriban wati 140, kiwango ambacho mtu mwenye afya anaweza kukihimili kwa muda mrefu. Nguvu za mwalimu, kwa hiyo, hazikuwa na upungufu. Tatizo lilikuwa namna nguvu hizo zilivyofika kwenye gurudumu.

Namna iliyo rahisi kuliko zote ya kuipima gia ni kutazama baiskeli inasonga mita ngapi kwa mzunguko mmoja wa kranki, yaani mikono inayobeba pedeli. Gurudumu hili lina mzingo wa mita 2.15, ukigawanya meno ya mbele kwa meno ya nyuma, kisha ukazidisha kwa 2.15, unapata jibu. Gia nyepesi ya mwalimu, 42 kwa 24, ilikuwa ya mita 3.76. Kwa kilomita 8 kwa saa, gia hiyo inataka mizunguko 35 tu ya kranki kwa dakika, na kila mzunguko hapo ni mzito mno kwa goti la mtu mzima. Nilitafuta gia itakayomruhusu azungushe mara 50 au zaidi kwa dakika katika mwendo uleule, yaani gia isiyozidi mita 2.7.

Kabla ya kununua au kufungua chochote, niliandika gia zake zote 12 kwenye karatasi, kwa sababu baiskeli ya gia 12 mara chache huwa na gia 12 za kweli. Ndivyo ilivyokuwa. Gia ya 52 kwa 20 ilikuwa ya mita 5.59, na 42 kwa 16 ilikuwa ya mita 5.64, tofauti ambayo mguu hauwezi kuitambua. Gia ya 52 kwa 22 ilikuwa ya mita 5.08 na 42 kwa 18 ya mita 5.02, 52 kwa 24 ilikuwa ya 4.66 na 42 kwa 20 ya 4.52, hata 52 kwa 18 na 42 kwa 14 hazikupishana sana, mita 6.21 dhidi ya 6.45. Gia 4 kati ya 12 zilikuwa zinarudia kazi ya nyingine, na zile nane zilizobaki zilisongamana kati ya mita 8 na mita 3.76. Friwili ya namna hii humfaa mwendeshaji wa mashindano kwenye ardhi ya tambarare, anayetaka mruko mdogo baina ya gia ili asivunje mdundo wa miguu. Kwa mtu anayetoka sokoni Mombo na mchele, haina maana.

Hapa inafaa kueleza kwa nini kazi hii iliwezekana kabisa. Friwili huwa na sproketi na utaratibu wa kuachia, unaoliruhusu gurudumu kuzunguka pedeli zikiwa zimetulia, yaani vilimi vyenye springi na gololi, vyote katika mwili mmoja unaokazwa kwa nyuzi juu ya kitovu cha gurudumu. Katika kaseti, mfumo mpya uliofuata, utaratibu wa kuachia umehamia ndani ya kitovu na sproketi huvalishwa juu yake tu. Kampuni ya Shimano, iliyoanzishwa Sakai karibu na Osaka mwaka 1921, bidhaa yake ya kwanza ilikuwa friwili, na kampuni hiyohiyo mwaka 1978 ndiyo iliyoanza kuuza kitovu cha kaseti ambacho hatimaye kiliisukuma friwili pembeni katika baiskeli za bei kubwa. Kabla ya hapo, maduka ya baiskeli ya Ulaya, Marekani na Japani yalikuwa na ubao ukutani wenye sproketi za kila idadi ya meno zikining'inia, na mteja aliagiza friwili yake ipangwe apendavyo. Ubao wa namna hiyo sina. Nilicho nacho ni sanduku la friwili chakavu zilizotolewa kwenye baiskeli za mtumba, na ukilijua vizuri sanduku hilo, linafanya kazi ileile.

Njia ya kwanza iliyopendekezwa ilikuwa kununua friwili mpya ya sproketi sita yenye meno 14, 16, 18, 21, 24 na 28, ambayo hupatikana madukani bila shida. Ukiiweka pamoja na 52 na 42 za mbele, unapata mpangilio mzuri sana: miruko ya nyuma ni ya asilimia 13 hadi 17, na kwa kuwa tofauti ya mbele ni asilimia 24, gia za sproketi ndogo ya mbele huangukia katikati ya zile za kubwa, bila kurudiana. Ningemshauri mtu yeyote wa Tanga mjini au Korogwe aichukue hiyo na asinisumbue. Kwa mwalimu, gia nyepesi ingekuwa mita 3.23, sawa na mizunguko 41 kwa dakika. Ni nafuu, lakini haitoshi.

Njia ya pili ilikuwa friwili mpya ya sproketi saba yenye meno 14, 16, 18, 20, 22, 24 na 34, ambayo nayo inapatikana kwa urahisi. Gia nyepesi ingeshuka hadi mita 2.66, ndani kabisa ya lengo. Ubaya wake ni ule mruko wa mwisho. Kutoka 24 kwenda 34 ni asilimia 42 kwa mpigo mmoja: kwenye 24 mwendeshaji anazungusha mara 35 kwa dakika akiumia, akihamia 34 anazungusha mara 50, na katikati hakuna kitu. Kwenye mlima mfupi mtu huvumilia, lakini mlima wa saa mbili, ambao mwinuko wake hubadilika kila kona, huhitaji gia kadhaa mahali hapohapo penye pengo. Juu ya pengo hilo, sproketi tano kati ya saba zimerundikwa kati ya 16 na 24, eneo ambalo mwalimu hulitumia kidogo kuliko yote. Friwili hii imekusudiwa kuwa na gia moja ya dharura, na kwa kazi hiyo haina lawama.

Njia ya tatu ndiyo ya kupanga sproketi moja baada ya nyingine. Kosa la kawaida katika upangaji huu ni kuongeza meno kwa idadi sawa, mbilimbili au tatutatu, ilhali mguu hauhesabu meno. Mguu huhisi uwiano. Kutoka 14 kwenda 16 ni asilimia 14, kutoka 22 kwenda 24 ni asilimia 9 tu, ingawa kote yameongezeka meno mawili. Mwanzo ukiwa 14 na mwisho 34, na ukitaka miruko mitano iliyo sawa, kila mruko unapaswa kuwa wa takriban asilimia 19, na namba zilizo karibu na hesabu hiyo ni 14, 17, 20, 24, 28 na 34. Kwa bahati njema, namba tano za kwanza ndizo zilizokuwa zikitumika katika friwili nyingi za sproketi tano zilizokuja na baiskeli za kawaida za miaka hiyo, kwa hiyo ndizo zinazopatikana zaidi kwenye machakavu.

Swali la haki hapo ni kwa nini 14 ibaki, wakati mwalimu anaposhuka Mombo hakanyagi pedeli hata kidogo. Sababu ni mbili. Kwanza, ile safari ya Mazinde ni ya tambarare, na bila gia ndefu angechoka kwa kuzungusha bure. Pili, sproketi ya nje kabisa ya friwili hii hukazwa kwa nyuzi, nayo ndiyo inayozizuia nyingine zisitoke. Katika familia hii ya friwili, za nafasi hiyo nilizokuwa nazo zilikuwa za meno 14 tu.

Niliporudi kwenye karatasi na mpangilio huo mpya pamoja na 52 na 42 za mbele, matokeo yalikuwa ya kuchekesha. Upana wa gia ulikuwa mzuri, kutoka mita 7.99 hadi 2.66, lakini karibu kila gia ilikuwa na pacha wake: 6.58 na 6.45, 5.59 na 5.31, 4.66 na 4.52, 3.99 na 3.76, 3.29 na 3.23. Gia 12 ziligeuka kuwa 7. Sababu yake ni wazi ukiitazama: tofauti ya mbele, asilimia 24, ilikuwa karibu sawa na mruko mmoja wa nyuma, kwa hiyo kuhama mbele kulikuwa ni kurudia tu kile ambacho kuhama nyuma kumekwisha kukifanya. Ili gia za mbele zijaze mapengo ya nyuma, tofauti ya mbele inatakiwa iwe nusu ya mruko wa nyuma, au mruko mmoja na nusu. Nusu ingetaka 52 na 47 au 48 mbele, mtindo waliokuwa wakiupenda watalii wa zamani wa masafa marefu, lakini ungeiondoa kabisa gia nyepesi tuliyokuwa tunaitafuta. Mruko mmoja na nusu ulitaka 52 na 40.

Kwa meno mawili tu yaliyopungua mbele, orodha nzima ilibadilika. Kwenye 52 zilibaki mita 7.99, 6.58, 5.59, 4.66, 3.99 na 3.29, kwenye 40 zikawa 6.14, 5.06, 4.30, 3.58, 3.07 na 2.53. Kila namba ya orodha ya pili inaangukia baina ya namba za kwanza, isipokuwa mbili za mwisho, ambazo zinasimama peke yao chini, mahali pao hasa. Kuhusu kuitoa 42 na kuiweka 40, kilichoamua ni kranki yenyewe. Nilipima umbali kati ya matundu mawili jirani ya skrubu nikapata milimita 76.4, na kwa kranki ya skrubu tano umbali huo una maana kwamba duara la skrubu lina kipenyo cha milimita 130, ambalo hupokea sproketi ndogo hadi ya meno 38. Kranki ya duara la 144 isingepokea chini ya 41, na kranki ambazo sproketi zake zimepigwa ripiti zisingebadilishwa hata kwa jino moja. Kwa hiyo anayetaka kupanga friwili yake aanze kwa kuinama kutazama kranki.

Kazi ya mikono ilianza kwa kuitoa friwili, na hapa ndipo ile tindo ilipokuwa imeacha madhara. Friwili hii hufunguliwa kwa chombo chenye meno mawili yanayoingia katika nafasi mbili karibu na ekseli, na nafasi moja ilikuwa imepondwa ukingo hadi chombo kikateleza. Niliichonga upya kwa tupa ndogo hadi kuta zake zikasimama wima, nikaingiza chombo, kisha nikakibana kwa nati ya ekseli ili kisiruke. Hatua ya kubana ndiyo inayorukwa na wengi, na kwa friwili ya nafasi mbili ndiyo inayoamua kama kazi itafaulu. Chombo kikafungwa kwenye jiriwa kikitazama juu, gurudumu likawa juu yake, nami nikalishika tairi kwa mikono miwili na kulizungusha kushoto kama usukani wa lori. Friwili hujikaza yenyewe kila mwendeshaji anapokanyaga, kwa hiyo ya mtu wa milimani huwa imekazwa hasa. Ilipolia mlio wa kwanza wa kuachia, nililegeza ile nati kabla ya kuendelea, kwa sababu ukiendelea kuzungusha nati ikiwa imebana, ama chombo kitavunjika ama ekseli itapinda.

Nyuzi za kitovu zilikuwa za kipimo cha kawaida cha Kiingereza, inchi 1.37 kwa nyuzi 24 katika kila inchi, ambacho Wajapani walikitumia. Hilo ni jambo la kuhakiki kila mara, hasa kwa baiskeli za zamani za Kifaransa, ambazo nyuzi zake ni za milimita 34.7 kwa hatua ya milimita 1. Friwili ya kipimo kimoja huanza kuingia kwenye kitovu cha kipimo kingine bila kulalamika, kisha hukaza ghafla, na kwa kuwa kitovu ni cha alumini na friwili ni ya chuma, kinachokatika ni nyuzi za kitovu.

Ugumu wa sproketi zenyewe uko katika familia. Kila mtengenezaji alikuwa na mwili wake, wenye mifereji yake na nyuzi zake, na mara nyingine mtengenezaji mmoja alikuwa na miili kadhaa isiyoingiliana. Sproketi ya meno 28 ya familia moja haivaliki kwenye mwili wa nyingine hata kama kwa macho zinafanana. Katika mwili huu, sproketi mbili ndogo hukazwa kwa nyuzi na nne kubwa huteleza kwenye mifereji, zikitenganishwa na ringi nyembamba. Friwili kadhaa za Kiitaliano za zamani huwa na sproketi kubwa zilizokazwa kutoka nyuma kwa nyuzi za kinyume, na anayezifungua bila kujua hilo huzidi kuzikaza kadiri anavyotumia nguvu. Katika friwili mpya za leo nyingi ni za mifereji na moja au mbili tu za nyuzi, na nyingine zimepigwa ripiti pamoja kiasi kwamba hazipangiki.

Nilipata machakavu mawili ya familia ileile: friwili ya sproketi tano yenye 14, 17, 20, 24 na 28, na nyingine yenye 34. Ile ya 34 ilikuwa na meno safi, yenye ncha bapa na mabonde ya duara, dalili ya mwendeshaji wa nchi ya tambarare ambaye hakuwahi kuihitaji. Kuchanganya sproketi kutoka friwili tofauti hakukuwa na athari hapa kwa sababu zote ni za zama za meno yasiyo na michirizi ya ubavuni. Sproketi za kuanzia mwisho wa miaka ya 1980 zina michirizi iliyokatwa ili kuusaidia mnyororo kupanda kutoka sproketi moja maalumu kwenda nyingine maalumu, na ukizichanganya ovyo msaada huo hupotea. Vilevile leva za kuhamishia gia za baiskeli hii ni zile za msuguano zisizo na vituo, kwa hiyo mwendeshaji mwenyewe husikiliza na kusogeza hadi mnyororo utulie, na tofauti ndogo ya nafasi kati ya sproketi haimletei shida.

Kuzifungua sproketi kunataka vyuma bapa viwili virefu, kila kimoja kikiwa na kipande cha mnyororo wa zamani kilichofungwa mwishoni. Kipande cha kwanza huzungushwa kwenye sproketi kubwa ili kuizuia, cha pili kwenye sproketi ndogo ili kuizungusha kinyume cha saa, na vyuma vyote viwili hupangwa kiasi kwamba unavibana pamoja kwa mikono miwili badala ya kuvivuta huku na huku. Sproketi ya nje ikishaachia, ya pili hufunguka kwa namna hiyohiyo, na zilizobaki hutoka zenyewe. Nilizipanga mezani kwa mfuatano pamoja na ringi zake, kwa sababu ringi hazikuwa zote za unene mmoja. Kwa kalipa, sproketi moja na nafasi yake zilichukua milimita 5.5, kipimo cha kawaida cha friwili pana ya sproketi sita. Kwa kuwa nilibadilisha sproketi moja kwa moja bila kuongeza idadi, unene wa jumla haukubadilika, na 14 ilikaa mbali na fremu kama mwanzo. Angetaka sproketi ya saba katika mwili uleule, ningelazimika kutumia ringi nyembamba na mnyororo mwembamba zaidi, au kuongeza washa kwenye ekseli na kuvuta spoki upya ili gurudumu lirudi katikati.

Ndani ya mwili wa friwili niliosha kwa mafuta ya taa, nikatia mafuta mepesi, wala si grisi. Grisi nzito huvifanya vilimi vichelewe kurudi, na kilimi kinachochelewa kwenye mlima humwangusha mtu. Grisi niliiweka kwenye nyuzi za kitovu tu, ili atakayeifungua siku nyingine asihitaji tindo.

Mkono wa gia wa nyuma, ule wenye vigurudumu viwili vya kuvutia mnyororo, ulikuwa mfupi. Mpangilio wa zamani uliutaka umeze mnyororo wa tofauti ya meno 20 tu, kumi ya mbele na kumi ya nyuma. Mpangilio mpya ulitaka 32, yaani 12 na 20. Zaidi ya hapo, kigurudumu chake cha juu kiligusa meno ya 34 hata skrubu ya pembe, inayousogeza mkono mbali na sproketi, ilipokazwa hadi mwisho. Tulichukua mkono mrefu wa baiskeli ya milima ya mtumba, na kwa leva za msuguano haukuhitaji ulinganifu wowote.

Urefu wa mnyororo niliukokotoa kwa inchi: mara mbili ya umbali kati ya kranki na ekseli ya nyuma, ambao hapa ni inchi 17, kisha robo ya meno makubwa ya mbele, robo ya meno makubwa ya nyuma, na inchi moja ya ziada. Kwa 52 na 24 jibu lilikuwa inchi 54, yaani pingili 108. Kwa 52 na 34 ni inchi 56.5, ambazo huzidishwa hadi 57 kwa kuwa pingili lazima ziwe shufwa, yaani pingili 114. Mnyororo wa zamani kwa hiyo ulikuwa mfupi kwa pingili sita, na laiti ungeachwa, siku ambayo mwalimu angeingia 52 kwa 34 kwa bahati mbaya, mkono wa gia ungeng'oka na gurudumu kukwama. Mnyororo wa sproketi moja, ule mpana wa baiskeli za Phoenix unaouzwa kila mahali, haufai kazi hii. Nafasi yake ya ndani ni inchi 1/8, na huu unatakiwa kuwa wa 3/32.

Mnyororo mpya ulifichua tatizo ambalo jicho lilikuwa limelipuuza. Katika jaribio la kupanda kwa nguvu, sproketi tano zilishika barabara, lakini ya meno 17 iliruka kila mzigo ulipozidi. Nilipoitazama kwa ukaribu, mabonde yake yalikuwa yamepanuka upande mmoja na meno yameanza kupinda mbele. Ni jambo linaloeleweka: katika friwili ya sproketi tano, 17 ndiyo mtu wa tambarare anayoitumia mchana kutwa. Tiba ilikuwa kwenye friwili ya mwalimu mwenyewe. Yeye hupanda kwa 24 na hushuka bila kukanyaga, kwa hiyo 24 yake ilikuwa imelika vibaya, lakini 16 yake, inayokazwa kwa nyuzi zilezile za nafasi ya pili, ilikuwa karibu mpya. Mpangilio wa mwisho ukawa 14, 16, 20, 24, 28 na 34.

Kwa uwiano si mzuri kama ule wa karatasini, kwa kuwa kutoka 16 kwenda 20 ni asilimia 25. Nilikubali dosari hiyo bila kusita. Pengo limeangukia kati ya mita 5.38 na 4.66 kwenye orodha ya gia zote, eneo la tambarare, na huko hata asilimia 15 haimsumbui mtu asiyeshindana na yeyote. Chini, kuanzia mita 4.66 kushuka hadi 3.07, miruko ya gia zote ni ya asilimia 7 hadi 11, na huko ndiko anakoishi. Pacha mmoja amerudi, 5.59 na 5.38, nami sikumtafutia dawa.

Mwalimu sasa hupanda sehemu kubwa ya mlima kwenye 40 kwa 28, na kwenye kona kali huingia 34, ambapo kwa kilomita 8 kwa saa kranki huzunguka mara 53 kwa dakika na nguvu inayotakiwa kwenye pedeli imepungua kwa karibu theluthi moja. Ilibidi ajifunze kuhama mapema, kabla mwinuko haujakaza, kwa sababu leva za msuguano na sproketi zisizo na michirizi hazikubali kuhamishwa mguu ukiwa umekandamiza. Nilimkataza pia 52 kwa 34. Mnyororo unafika, lakini hukaa mshazari na kujitafuna, na gia hiyo ya mita 3.29 iko karibu na 40 kwa 28.

Alipoirudisha baada ya masika kwa ukaguzi, pingili 24 za mnyororo zilipima milimita 305.5, ilhali mnyororo mpya hupima 304.8. Utabadilishwa ukifika 306.3. Ukiachwa hadi karibu 308, sproketi za 28 na 34 zitakuwa zimelika pamoja nao, na 34 nyingine ya familia hii sanduku langu halina.